Mkataba wangu ulikuwa na kila kitu isipokuwa idadi ya watoto

Nimekaa na hili jambo muda mrefu, na naliandika sasa kwasababu kuna wadogo zangu wametoka vyuoni wanasaini mikataba kwenye shule za binafsi hapa Mwanza na wanachokiangalia ni mshahara tu, kama nilivyoangalia mimi. Mshahara muhimu, sikatai, nina watoto na nina kodi ya kulipa. Ila kuna namba nyingine ambayo ndo inaamua huo mshahara unaulipia kazi ya kiasi gani, na mimi sikuiona mpaka imeshanikalia shingoni.

Nilimaliza chuo cha ualimu nikiwa na cheti cha daraja A, wakati ule ajira za serikali zikawa zimesimama, tukabaki mtaani wengi. Mwaka 2016 nikaomba kujitolea shule ya msingi ya serikali upande wa Igoma. Ndo mwaka ule elimu bila malipo ilianza, ule waraka namba 5 wa 2015, wazazi wakaleta watoto kwa wingi, hata wale waliokuwa wamebaki nyumbani na miaka yao tisa, kumi. Na ilikuwa sahihi kabisa waje. Lakini madarasa yalikuwa yaleyale na walimu walewale, mimi nikapewa darasa la kwanza lina watoto 148. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na kwa awali ni 25. Sisi tulikuwa na 148 chumba kimoja, dawati linakaliwa na watano, waliobaki wanakaa chini kwenye sakafu, ukitaka kwenda nyuma kuona daftari la mtoto unaruka miguu ya watoto. Nilikuwa naita majina asubuhi mpaka kipindi cha kwanza kinakaribia kuisha, mwishowe nikawa nahesabu vichwa tu.

Kule sikuwa na mkataba wowote, nilikuwa najitolea, kijiposho kidogo cha nauli basi. Kwahiyo nilipopata shule ya binafsi Januari 2018, inglishi midiamu moja maeneo ya Ilemela, darasa la pili lina watoto 31 na kila mtoto ana kiti chake, mimi niliona nimefika. Nikaletewa mkataba wa miaka miwili, kurasa nne. Mshahara upo, NSSF ipo, likizo ipo, saa za kazi zipo, mpaka rangi ya sketi ya mwalimu wa kike ipo. Na kwenye majukumu, baada ya kufundisha, kusahihisha na zamu, mwisho kabisa kuna mstari: "na majukumu mengine atakayopangiwa na mwajiri." Nikasaini hapohapo ofisini, hata sikuomba kwenda nao nyumbani kulala nao siku moja.

Huo mstari ndo umemeza kila kitu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri kweli, naweza kuwataja wale 31 mpaka leo. 2019 wakawa 44, basi la shule lilikuwa limenunuliwa kwa mkopo, lilikuwa linaenda mpaka Kisesa kuchukua watoto, na lazima lijae. Nikajikaza. Alafu ikaja 2020. Shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, sisi wa shule za binafsi ada hazikuingia, tulikaa miezi bila mshahara kamili, walimu wengine wakarudi makwao Sengerema, Magu, mwingine akaingia kwenye biashara ya dagaa na hakurudi tena ualimu. Tulipofungua tarehe 29 Juni watoto walirudi karibia wote ila walimu tukawa pungufu, mkurugenzi akaunganisha mkondo A na B wa darasa la pili "kwa muda", nikawa na watoto 57. Kwa muda ikafika Desemba.

Sasa naomba nieleze hesabu hii kwasababu ndo iliyonifungua macho. Darasa la pili kila siku nilikuwa natoa kazi tatu, kusoma, kuandika na hesabu. Daftari moja ukilisahihisha kwa haki, sio kuchora vema tu na kusonga, unatumia kama dakika mbili. Watoto 31 ni daftari 93, dakika 186, masaa matatu na kidogo. Watoto 57 ni daftari 171, dakika 342, masaa matano na dakika 42. Tofauti ni masaa mawili na dakika 36 kwa siku, kwa siku tano za wiki ni masaa 13 kamili. Na shuleni nilikuwa naingia saa moja asubuhi natoka saa kumi jioni, mchana nasimamia watoto wakila, yaani masaa tisa mara siku tano ni 45, ambayo ndo kikomo cha saa za kawaida kwa wiki kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kwahiyo yale 13 yalikuwa yanafanyika nyumbani usiku, kwenye taa, mtoto wangu mwenyewe amelala pembeni ya rundo la madaftari. Wiki nne ni masaa 52. Sheria hiyohiyo inasema kazi ya ziada isizidi masaa 50 kwa wiki nne na ilipwe mara moja na nusu. Mimi nilikuwa nimepita kikomo na sijalipwa hata saa moja, kwasababu hakuna aliyeniambia nifanye kazi masaa ya ziada. Niliongezewa watoto tu. Na nikiwa mkweli, siku nyingi sikufika hayo masaa 52, nilikuwa nachora vema na kusonga, maana yake watoto ndo waliolipa.

Kilichoniuma mpaka leo ni mama mmoja, anauza samaki Mwaloni Kirumba, ada analipa kidogokidogo anakuja nayo mwenyewe mkononi. Alikuja Septemba, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia, akaniuliza swali dogo tu: "Mwalimu, huyu wangu anakaa upande gani darasani?" Nikanyamaza. Sikuwa najua. Mtoto wake alikuwa mpole, hana kesi, daftari lake lina vema, na kesho yake nilipomuita mbele asome peke yake nikakuta hasomi kabisa, alikuwa ananakili kwa mwenzake tangu tulipofungua. Miezi mitatu. Yule mama alikuwa analipa ada kwenye shule ya binafsi ili mtoto asipotelee kwenye kundi, na mtoto akapotelea kwenye kundi mbele ya macho yangu.

Tukaomba kikao. Mkurugenzi wetu ni mzee mwenye heshima zake na simuoni kama mtu mbaya, ana mkopo wa basi, ana wazazi wanaodaiwa ada za miaka miwili. Tulimweleza kwa adabu. Akatoa karatasi akasema, walimu wangu, shule yetu ina wanafunzi 456 na walimu 24, uwiano wetu ni mmoja kwa 19, serikali inataka 45, sasa mnalalamikia nini? Tukakosa jibu, tukatoka.

Ilinichukua wiki nzima kuelewa tulipofungiwa. Uwiano wa shule na idadi ya watoto darasani ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya umeshapoteza mjadala. Wale 24 ndani yake kuna mkuu wa shule asiye na kipindi, kuna mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia taaluma, matroni wawili, mkutubi, mwalimu wa kompyuta na wa michezo. Watoe hao saba unabaki na 17 wenye madarasa, hapo uwiano unakuwa 1 kwa 27, na bado hiyo 27 haipo kwenye chumba chochote, ni wastani tu, kwasababu darasa la saba walikuwa 22 maana mtihani wa taifa ndo unaotangaza shule, na la pili tulikuwa 57. Mtoto hakai kwenye wastani. Mtoto anakaa kwenye dawati, kwenye chumba, na mtu mmoja mbele yake. Kwahiyo ukienda kudai, usidai uwiano, dai idadi ya juu kabisa kwa darasa moja.

Kitu cha pili nilichojifunza ni kwamba sheria haitakufanyia hii kazi. Kifungu cha 15 cha ile sheria kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi, jina lako, kazi yako ni ipi, sehemu ya kazi, saa, malipo na mengine, lakini idadi ya watoto haimo. Ile 45 ya serikali nayo ni kiwango cha kupanga walimu na madarasa, haimo kwenye mkataba wangu, siwezi kwenda nayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nikasema nimevunjiwa mkataba. Hata kwenye mgomo wa walimu wa 2012, ule wa CWT, Chama cha Walimu Tanzania, ambao Mahakama ilikuja kusema ni batili, madai makubwa yalikuwa nyongeza ya mshahara asilimia 100, posho ya kufundishia na posho ya mazingira magumu. Yalikuwa madai ya haki na walimu waliumia kwa ajili yake. Ila idadi ya watoto haikuwa kwenye ile orodha kubwa, na nafikiri ni kwasababu tumezoea kuiona kama hali ya hewa, mvua ikinyesha unalowa basi. Kumbe ni sharti la kazi kama mshahara ulivyo. Kule Uskoti idadi ya watoto imeandikwa ndani ya masharti ya ajira ya walimu kabisa, darasa la masomo ya vitendo kama sayansi mwisho 20, madarasa ya juu ya msingi mwisho 33, na mwalimu ana kitu cha kuonyesha.

Mikataba ilipokuwa inaisha tukakaa walimu tisa nyumbani kwa mwenzetu Nyasaka, tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, tukakubaliana kila mtu aombe kifungu kilekile. Mkurugenzi alikubali kuliko tulivyotegemea, akaandika: darasa la kwanza mpaka la tatu halitazidi wanafunzi 40, "isipokuwa pale mazingira yatakapolazimu." Tulifurahi jamani, tulipiga makofi ofisini. Machi ikafika, watoto 46. Nikaenda na mkataba wangu mkononi, akanionyesha kwa kidole yale maneno ya mwisho. Mazingira yamelazimu. Nani anaamua kama yamelazimu? Yeye.

Baadae nilikuja kusoma kwamba walimu wa Los Angeles kule Marekani walikuwa na shida hiyohiyo, mkataba wao wa chama ulikuwa na idadi ya juu kwa kila darasa miaka na miaka, lakini kulikuwa na kifungu kinachoruhusu mwajiri kuipuuza akisema hali ya fedha ni ngumu, na Januari 2019 waligoma siku sita za shule na moja ya vitu walivyorudi navyo ni kufutwa kwa kile kifungu. Nilipolisoma nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja. Vizuri kwasababu sio sisi tu tuliosaini bila kusoma mstari wa mwisho. Vibaya kwasababu wale wana chama cha maelfu ya watu na sisi tulikuwa tisa na sahani ya michembe.

Hapo katikati mkurugenzi akaleta suluhisho lingine, akanipa msaidizi, binti amemaliza kidato cha nne, mchangamfu, watoto wanampenda. Na kweli alinisaidia kupanga mistari, kupeleka chooni, kugawa uji. Lakini daftari hawezi kusahihisha na mtoto asiyesoma hajui amshike wapi, na hilo sio kosa lake, hajasomea. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika jimbo la Tennessee kuanzia 1985, waligawa watoto wa madarasa ya chini kwa bahati nasibu, kundi moja darasa dogo la watoto 13 mpaka 17, kundi lingine la kawaida 22 mpaka 25, na la tatu la kawaida lenye msaidizi. Waliofaidika wazi ni wa darasa dogo. Msaidizi hakuleta tofauti ya maana. Ningekuwa na hiyo karatasi siku ile ningemuonyesha mzee kwa heshima zote, kwasababu mshahara wa msaidizi miaka miwili ungeshaanza kulipia mwalimu wa mkondo wa pili.

Kuna gharama pia, nisifiche. Mwenzetu mmoja wa hesabu, aliyekuwa anaongea sana kwenye vikao, mkataba wake ulipoisha hakuongezewa na hakuambiwa sababu. Alikaa miezi miwili anasubiri labda ataitwa, alivyoenda CMA, yaani ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akaambiwa malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa ndani ya siku 30, kwahiyo aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze kwanini alichelewa, na hapo bado athibitishe kwamba alikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa mkataba. Alichoka, akaacha. Sasa hivi anafundisha tuisheni Buhongwa. Kila nikisema tulifanikiwa namkumbuka yeye, kwasababu ile hesabu ya masaa 13 alinisaidia kuipiga yeye, na matunda hakuyaonja.

Mikataba ilipoisha tena tulienda tofauti. Tuliandika sisi wenyewe kiambatisho cha ukurasa mmoja, maneno yaleyale kwa wote, na walimu 11 kati ya 17 wakasema hatusaini mkataba bila hiki. Hatukuwa na chama shuleni, na hapa niseme, ile sheria inasema chama kilichosajiliwa kikiwa na wanachama walio wengi sehemu ya kazi mwajiri anatakiwa akitambue na kujadiliana nacho, na makubaliano yake yanawabana wote wawili. Ingekuwa njia nzuri zaidi. Sisi tulikuwa na uoga, tukatumia karatasi moja mara kumi na moja.

Kile kiambatisho kina mambo manne na tuliyabishania usiku mbili nzima. Namba yenyewe ni 38 kwa kila chumba, darasa la kwanza mpaka la nne, tulitaka 35 yeye akataka 42. Siku ya kuhesabu ni Ijumaa ya mwisho ya Februari, kwa rejista ya mahudhurio, kwasababu Januari watoto wanaingia na kutoka na ukihesabu mapema unamuonea mwajiri, ukiacha wazi unajionea mwenyewe. Alafu ikizidi inakuwaje, maana huku ndo tulipoangukia mwanzo: kila mtoto wa ziada shilingi 10,000 kwa mwezi kwa mwalimu wa darasa, na wakizidi watano mkondo unagawanywa ndani ya siku 21. Na la nne, hakuna "isipokuwa". Mzee alilisoma mara tatu lile, akavua miwani, akauliza, sasa nikipata msiba wa mwalimu katikati ya muhula? Swali la haki. Tukaongeza kwamba mwalimu akifariki, akiugua au akienda uzazi, madarasa yanaweza kuunganishwa kwa wiki nne na malipo yanaendelea. Akasaini.

Haijawa peponi. Ile elfu kumi mwanzoni iliwafanya baadhi ya walimu watamani watoto wazidi mpaka watano lakini wasifike sita, nililiona hilo na liliniudhi, ndo maana kama unaandika cha kwako leo ningekushauri malipo yawe ya kumuuma mwajiri lakini yasiwe ya kumnenepesha mwalimu, labda nusu iende kununua vitabu vya darasa hilohilo. Na walimu sita ambao hawakusaini nasi wanafundisha juu, la tano mpaka la saba, kule hakuna namba, na mwaka jana darasa la tano lilifika 49.

Mwaka huu Februari nimehesabu, darasa langu 41. Nikaandika barua siku ileile, mistari mitano, nikaambatanisha kopi ya rejista, nikabaki na kopi iliyogongwa muhuri wa ofisi. Mshahara wa Machi umekuja na shilingi 30,000 ya ziada imeandikwa kabisa kwenye karatasi ya mshahara, "wanafunzi wa ziada 3". Ningependa zaidi wale watatu wawe kwenye chumba kingine, ila angalau sasa wanaonekana kwenye karatasi ya mwajiri na sio kwenye macho yangu usiku. Jana mkurugenzi amenitumia ujumbe WhatsApp, anasema madamu, Jumatatu tukae tuongee kuhusu hii namba ya 38 kabla ya mikataba mipya. Nimemjibu sawa mzee, nitakuja na wenzangu, na rejista nitakuja nayo.